Kengele ya Mlango Yenye Kamera: Shahidi Zaidi Kuliko Mlinzi

Kengele ya mlango yenye kamera ni kifaa kidogo kinachofungwa kwenye mwimo wa mlango au nguzo ya geti, nacho hufanya kwa pamoja kazi tatu: humjulisha mwenye nyumba kwamba kuna mgeni, humwonyesha sura ya mgeni huyo, na humwezesha kuzungumza naye bila kufungua mlango. Watengenezaji wake hukitangaza kuwa ni mlinzi wa nyumba. Hata hivyo, utendaji wake ukichunguzwa kwa makini, hudhihirika kwamba ni shahidi zaidi kuliko mlinzi, na kwamba thamani ya shahidi huyo hutegemea sana ni nani anayeuhifadhi ushahidi wake.

Wazo lenyewe lina umri wa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1966 Marie Van Brittan Brown, muuguzi aliyeishi Queens katika jiji la New York, pamoja na mumewe Albert, waliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, kwa ajili ya mfumo wa kulinda nyumba kwa kutumia televisheni, nayo ikatolewa tarehe 2 Desemba 1969. Katika mfumo huo mlango ulitobolewa matundu manne ya kuchungulia yaliyopishana kwa kimo, ili aonekane mtu mrefu na mfupi pia, na nyuma yake kamera ilipanda na kushuka hadi kwenye tundu lililohitajika; picha ilionekana kwenye skrini iliyoweza kuwekwa chumba cha kulala, maikrofoni na spika vilipitisha mazungumzo, na swichi ilifungua komeo kutoka mbali. Kengele za leo zilienea baada ya mwaka 2013, Jamie Siminoff alipoanza kuuza Marekani kifaa kilichoitwa DoorBot, ambacho baadaye kilibadilishwa jina kuwa Ring, na kampuni hiyo ikanunuliwa na Amazon mwaka 2018. Tofauti kubwa kati ya vizazi hivi viwili ni safari ya picha, kwa kuwa mfumo wa akina Brown uliipeleka chumbani, ilhali kengele nyingi za sasa huipeleka kwanza kwenye seva, yaani kompyuta kubwa za kampuni zinazohifadhi taarifa za wateja, kisha ndipo huirudisha kwenye simu ya mwenye nyumba kwa njia ya intaneti.

Sehemu inayoamsha kifaa hiki ni kitambuzi cha mionzi ya infraredi, ambayo ni mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho na ambayo kila kiumbe chenye joto huitoa. Kitambuzi hicho hakirushi chochote, bali hulinganisha joto la kanda mbalimbali zilizo mbele yake, na mabadiliko ya ghafla kutoka kanda moja kwenda nyingine huchukuliwa kuwa ni dalili ya kiumbe kinachotembea. Kutokana na mpangilio huo, mtu anayekatiza mbele ya mlango hutambuliwa kwa wepesi kuliko anayeujia moja kwa moja, kwa sababu huyu wa pili hubaki katika kanda ileile kwa muda mrefu zaidi. Vilevile, katika miji yenye joto kali kama Dar es Salaam au Mombasa, ukuta uliopigwa na jua la mchana hukaribiana kwa joto na ngozi na nguo za binadamu, hivyo tofauti inayotafutwa hupungua na kitambuzi huweza kuchelewa. Usiku taa ndogo za infraredi humulika uso wa mgeni bila yeye kuziona, ndiyo maana picha za wakati huo kwa kawaida huwa nyeusi na nyeupe.

Faida za kifaa hiki ni za kweli, na hujitokeza zaidi katika mambo ya kila siku kuliko katika matukio ya uhalifu. Mzee asiyeweza kutembea haraka, mgonjwa aliye kitandani, kiziwi anayeona ujumbe kwenye simu mahali ambapo asingesikia mlio, na mzazi aliye kazini anayetaka kujua kama watoto wamefika kutoka shuleni, wote hunufaika nacho. Mwenye nyumba aliye safarini huweza kumwelekeza mleta mzigo auache kwa jirani, na mtu asiyefahamika huhojiwa huku mlango ukiwa umefungwa.

Katika kuzuia wizi, ushahidi ni dhaifu zaidi. Mwaka 2015 kengele za Ring zilifungwa katika sehemu ya nyumba za mtaa wa Wilshire Park, Los Angeles, na kampuni ikatangaza kwamba wizi wa majumbani ulipungua kwa asilimia 55, lakini waandishi waliokagua takwimu za eneo hilo baadaye hawakuweza kuyathibitisha madai hayo. Zaidi ya hayo, aina nyingi zinazotumia betri hulala ili kuokoa nishati na huanza kurekodi baada tu ya kuamshwa, hivyo sekunde za mwanzo hupotea. Umeme unapokatika ruta huzimika, na hata kengele yenye betri iliyojaa hubaki bila njia ya kupeleka picha, isipokuwa nyumba iwe na umeme wa akiba. Mahali ambapo intaneti hununuliwa kwa vifurushi, kila rekodi inayopandishwa kwenye seva hula sehemu ya kifurushi, na juu yake kampuni nyingi hutoza ada ya kila mwezi kwa anayetaka kuzitazama rekodi za siku zilizopita.

Hasara iliyo nzito zaidi inahusu wanaoweza kuifikia picha. Mwezi Mei 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishtaki kampuni ya Ring kwa kuwaachia wafanyakazi wake uwezo wa kutazama video za faragha za wateja na kwa kushindwa kuwazuia wadukuzi, na shauri hilo likamalizwa kwa makubaliano ya kampuni kulipa dola milioni 5.8. Vifaa vya bei rahisi vina udhaifu wa namna nyingine: mwaka 2024 shirika la kutetea watumiaji la Consumer Reports lilieleza kwamba baadhi ya kengele zilizouzwa katika maduka makubwa ya mtandaoni ziliweza kutekwa na mtu aliyesimama mlangoni na kukibonyeza kitufe kwa sekunde nane tu, kwani kitendo hicho kiliifanya kengele iwe tayari kuunganishwa na simu yoyote, ikiwemo ya mvamizi mwenyewe.

Wapita njia na majirani nao wana haki zao. Huko Jamhuri ya Czech, mtu ambaye dirisha lake lilivunjwa kwa manati usiku mmoja wa mwaka 2007 aliwanasa washukiwa kwa kamera ya nyumbani kwake iliyoelekea barabarani, lakini mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kamera inayorekodi sehemu ya umma haiwezi kuhesabiwa kuwa ni shughuli ya kinyumbani tu, na kwa hiyo haiko nje ya sheria ya ulinzi wa taarifa. Mwaka 2021 mahakama ya Oxford, Uingereza, ilimpa ushindi jirani aliyelalamikia kamera za aina hii, na jaji akaona kuwa kunasa sauti za watu walio umbali wa zaidi ya mita 12 kumepita kiasi kinachohitajika kwa usalama. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022, kwa hiyo mpaka kati ya ulinzi wa nyumba na upekuzi wa watu ni suala la kisheria huku pia.

Kwa familia yenye mgonjwa, mzee au wazazi wanaoshinda kazini, manufaa huweza kuzidi madhara, mradi kifaa kichaguliwe na kutumiwa kwa masharti yanayoeleweka. Inafaa kutafuta aina inayohifadhi rekodi kwenye kadi ya kumbukumbu au kifaa kingine kilicho ndani ya nyumba, inayopata masasisho ya usalama kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, na inayodai uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Kamera ielekezwe kwenye kizingiti na si kwenye uwanja wa jirani, na kurekodi sauti kuzimwe pasipo na haja. Anayetafuta hasa kumzuia mwizi atapata faida kubwa zaidi akianza na komeo imara, taa ya nje na maelewano mema na majirani, kwa kuwa kamera huonyesha aliyeuvunja mlango ilhali komeo humchelewesha asiuvunje.