ANAYETANGULIA NDIYE ABEBAYE UZITO

Ukifika alfajiri kwenye mwalo wa Nyegezi utaona kwamba mtumbwi haujitii majini wenyewe. Yuko mtu aingiaye kwanza katika maji ya baridi, akausukuma mpaka ukaelea, ndipo wenzake wapande. Jioni samaki wakihesabiwa, ni wachache wamkumbukao mtu huyo.

Katika mchezo wa kriketi, ambao wengi wetu huku Ziwani twauona kuwa ni wa wageni, wamo watu wa namna hiyo. Wapigaji wawili hutangulia uwanjani wakati mpira ungali mpya, mgumu na wenye kupinda hewani, na warushaji wa kasi hawajachoka. Kazi yao ni kustahimili mpaka makali ya mpira yapungue, ili wanaofuata wapate njia.

Afrika Mashariki ilimpata mtangulizi kama huyo: Kennedy Otieno, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972. Tarehe 23 Februari 1996, katika Kombe la Dunia, Kenya ilipambana na Australia mjini Visakhapatnam, Uhindi. Mark Waugh, mpigaji mtangulizi wa Australia, alipata mikimbio 130, na Kenya ikashindwa kwa mikimbio 97. Hata hivyo Otieno alisimama imara akapata 85. Siku sita baadaye, mjini Pune, timu hiyo hiyo iliwashinda West Indies, na dunia ikashangaa.

Jambo kubwa zaidi lilitukia Nairobi, tarehe 10 Oktoba 1997, Kenya ilipocheza na Bangladesh. Otieno na mwenziwe Dipak Chudasama walitangulia, wala hawakutenganishwa mpaka walipofikisha mikimbio 225. Rekodi ya dunia ya watangulizi katika michezo ya kimataifa ya siku moja ilikuwa 212, nayo iliwekwa na Waaustralia David Boon na Geoff Marsh mwaka 1986. Siku hiyo ilivunjwa na Wakenya wawili, mmoja mwenye jina la Kijaluo na mwingine mwenye jina la Kihindi. Otieno alipata 144, Chudasama 122, na Kenya ikashinda kwa mikimbio 150.

Rekodi hiyo haikudumu hata mwaka mmoja, kwani mwaka 1998 Wahindi Tendulkar na Ganguly waliipita kwa 252. Lakini njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Mwaka 2003, Nairobi, Otieno alitangulia tena akapata 60 dhidi ya Sri Lanka, na mdogo wake Collins Obuya akaangusha wiketi 5. Kenya ilishinda, na hatimaye ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia.

Ni nini kilichofuata? Magomvi ya uongozi na ya malipo yaliingia, wakongwe wakaondoka, na waliotayarishwa kushika nafasi zao walikuwa wachache. Mwaka 2014 Kenya ilipoteza hadhi yake ya kucheza michezo ya kimataifa ya siku moja. Watangulizi walitimiza wajibu wao. Waliokuwa nyuma yao ndio walioacha mtumbwi uende mrama.

Twayasema haya si kwa kumcheka jirani. Mwaka 2025 vijana wa Tanzania walio chini ya umri wa miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza kuingia Kombe la Dunia la rika lao la mwaka 2026. Vijana hao ndio watangulizi wetu. Ni wajibu wa wenye madaraka kuhakikisha kwamba mchezo huu hauishii Dar es Salaam, bali unapata viwanja, walimu na vifaa katika shule za mikoani, Mwanza ikiwamo. Na hesabu za fedha ziwekwe wazi kabla ya magomvi kuzaliwa.

Mwanzo wa ngoma ni lele. Lele tumekwisha kuisikia. Tusiiache ngoma ikazimika kwa kukosa wa kuipokea.