CD ya Muziki Inapogoma: Kuitafuta Hitilafu Hatua kwa Hatua

Kuchoma CD ya muziki ni kazi ya mwanga. Mwale wa leza hupenya plastiki angavu ya diski na kuunguza tabaka jembamba la rangi, kuanzia karibu na tundu la katikati kuelekea ukingoni. Sehemu zilizoungua na zisizoungua ndizo alama ambazo redio ya gari au deki ya nyumbani huja kuzisoma baadaye. Kazi hiyo hutegemea vitu vinne: faili, programu, mashine ya kuchomea na diski yenyewe. Kila kimoja kikiwa na kasoro huonyesha dalili zake, na anayezielewa dalili hizo hufika kwenye chanzo bila kuharibu diski nyingi.

Lalamiko linalosikika mara nyingi ni kwamba CD inacheza kwenye kompyuta lakini redio inaikataa. Kwa kawaida diski hiyo imechomwa kama CD ya data. CD ya sauti hufuata kanuni iliyowekwa na kampuni za Philips na Sony mwaka 1980: sauti isiyobanwa, ya pande mbili, yenye sampuli 44,100 kwa sekunde, kila sampuli biti 16. CD ya data hubeba faili za MP3, ambazo sauti yake imebanwa, jinsi zilivyo, na huchezwa tu na mashine inayojua kusoma MP3. Redio nyingi za zamani hazijui. Dawa yake ni kuchagua CD ya sauti kwenye programu kabla ya kuanza, nayo programu itazigeuza faili. Kubadilisha jina la faili kutoka MP3 kuwa WAV, yaani faili ya sauti isiyobanwa, hakusaidii, kwa sababu kilichomo ndani hubaki kilekile.

Tatizo la pili ni nafasi. Mtu anaweza kukusanya nyimbo 20 za MP3, kila moja dakika 5, zote zikiwa na uzito usiofika MB 100, kisha programu ikamwambia kuwa hazienei kwenye diski ya MB 700. Programu haikosei. CD ya sauti hupimwa kwa dakika, na diski ya kawaida huchukua dakika 80 tu, ilhali nyimbo hizo zina dakika 100. MP3 zikishafunguliwa hurudia ukubwa wake kamili. Hapo hubaki kupunguza nyimbo au kuzigawa kwenye diski mbili. Pia CD moja ya sauti haipokei zaidi ya nyimbo 99, hata zikiwa fupi.

Programu ikikataa wimbo mmoja na kupokea mingine, kasoro imo ndani ya faili. Huenda haikupakuliwa ikaisha, au imefungwa kwa ulinzi wa hakimiliki, kama zilivyo nyimbo zinazohifadhiwa na huduma za muziki za kulipia kila mwezi. Sauti iliyotolewa kwenye video nayo mara nyingi huwa na sampuli 48,000 kwa sekunde. Programu nyingi huigeuza zenyewe. Isipogeuzwa hukataliwa, au huchezwa polepole na kwa sauti nzito kuliko asili. Ni vyema kuusikiliza kila wimbo mpaka mwisho na kuugeuza kuwa WAV ya 44,100 kabla ya kuchoma.

Uchomaji ukikatika njiani, macho yahamie kwenye mashine na diski. Kabla ya kuanza, mashine hujaribu nguvu ya leza kwenye eneo dogo la ndani ya diski. Isipopata kipimo kinachofaa hutoa ujumbe wa hitilafu papo hapo, na sababu huwa ni diski hafifu, lenzi yenye vumbi au leza iliyochoka. Diski ya chapa nyingine huonyesha ukweli upesi: ikikubali, tatizo lilikuwa diski, zikigoma zote, ni mashine. Mashine ya nje inayotumia waya wa USB huweza kukosa umeme wa kutosha, kwa hiyo ichomekwe moja kwa moja kwenye kompyuta.

Diski iliyokatika njiani hujionyesha yenyewe. Ikiinamishwa kwenye mwanga, upande wa chini huonekana pete yenye rangi tofauti kidogo inayoanzia katikati; inapokoma pete ndipo leza ilipoishia. CD-R ya namna hiyo haifutiki, lakini CD-RW inaweza kufutwa na kutumika tena.

Nyimbo zikirukaruka au kukwaruza, kasi ndiyo ya kushukiwa kwanza. Kwa kasi ya 16, yaani mara 16 ya kasi ya kuicheza, diski ya dakika 80 huchomwa kwa takribani dakika 5, na alama zake mara nyingi husomeka vizuri zaidi kuliko za kasi ya juu kabisa. Michubuko na alama za vidole nazo huzuia usomaji. Diski ifutwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha. Upande wa juu wa CD ni dhaifu kuliko wa chini, kwani tabaka linaloakisi mwanga limefunikwa na varnishi nyembamba tu. Kalamu ngumu ikilitoboa, wimbo umepotea.

CD ikiwa nzima na redio bado haiioni, huenda haikufungwa. Kufunga ni hatua ya mwisho ambapo orodha ya nyimbo huandikwa mwanzoni mwa diski. Bila orodha hiyo deki haijui pa kuanzia. CD-RW nayo huakisi mwanga mdogo sana kuliko CD-R, hivyo mashine kuukuu hushindwa kuisoma. Na ukimya wa sekunde 2 kati ya nyimbo, unaokata kaswida au ibada iliyorekodiwa mfululizo, huondolewa kwa kuchagua kuchoma diski nzima kwa mkupuo mmoja.

Kwaya au kikundi kinachotaka nakala nyingi kianze na moja. Nakala hiyo ichezwe kwenye redio itakayotumika hasa, na wimbo wa mwisho usikilizwe kwa makini, kwa kuwa uko karibu na ukingo ambako makosa huwa mengi. Ikipita hapo, zilizobaki zichomwe kwa diski za aina ileile na kasi ileile.