Mmea Mdogo wa Jangwa la Atacama na Jinsi ya Kuuotesha



Katika ukurasa huu tunaeleza juu ya mmea uitwao Copiapoa humilis. Ni aina ndogo ya dungusi kakati, yaani mmea wa miiba unaohifadhi maji ndani ya shina lake. Tumeuchagua kwa sababu jamii yake iko hatarini, na kwa sababu mtu anayejua kuuotesha kwa mbegu hana haja ya kununua uliong'olewa jangwani.

Unapatikana wapi?

Asili yake ni Chile, katika pwani ya Jangwa la Atacama, eneo la Paposo. Mtaalamu wa mimea R. A. Philippi, aliyesafiri katika jangwa hilo mwaka 1853 na 1854, aliuandika kitaalamu mwaka 1860. Mvua huko ni haba sana. Mimea hutegemea ukungu utokao baharini, ambao wenyeji huuita camanchaca. Shina lake ni la mviringo, lenye upana wa sentimita chache tu. Chini ya udongo una mzizi mnene kama kiazi, ambao ndio ghala lake la maji. Maua yake ni ya njano.

Kwa nini uko hatarini?

Jamii ya Copiapoa hukua polepole mno, hivyo wafanyabiashara wasio waaminifu huona ni rahisi kuiba mimea mikubwa kuliko kuikuza. Mwaka 2020 polisi wa Italia walikamata mimea zaidi ya 1,000 iliyotoroshwa kutoka Chile, na mwaka 2021 zaidi ya 800 ilirudishwa kwao. Mwaka 2024 shirika la kimataifa la hifadhi, IUCN, lilitangaza kuwa asilimia 82 ya aina za Copiapoa zinatishiwa kutoweka, kutoka asilimia 55 mwaka 2013. Pamoja na wizi, ujenzi wa barabara na nyumba pamoja na mabadiliko ya tabianchi vimechangia.

Hatua za kuotesha

1. Changanya mchanga mkubwa uliooshwa na changarawe ndogo, pamoja na udongo kidogo wa mboji. Uchomeke kwa moto ili kuua kuvu, kisha uache upoe.

2. Tumia chungu chenye matundu chini. Loanisha udongo, nyunyiza mbegu juu yake bila kuzifukia, kwani ni ndogo sana na zinahitaji mwanga.

3. Funika kwa nailoni angavu na weka mahali penye mwanga na joto la nyuzi 20 hadi 30, pasipo jua kali. Mbegu nyingi huota ndani ya wiki moja hadi tatu.

4. Miche ikishaota, fungua nailoni kidogo kidogo ili hewa ipite. Miche mingi hufa kwa kuoza, si kwa kiu.

5. Inapokuwa mikubwa kiasi cha kushikika, ihamishie kwenye vyungu virefu, kwa ajili ya ule mzizi. Mwagilia udongo ukishakauka kabisa. Wakati wa baridi punguza maji sana au acha kabisa.

Kazi hii inadai uvumilivu. Baada ya mwaka mzima mche unaweza kuwa bado mdogo kama punje ya mahindi.

Ombi letu

Kwa wasomaji wetu walioko Ulaya, ambako mimea hii huuzwa, tunaomba mwulize muuzaji ilikotoka. Copiapoa iliyoibwa jangwani huwa na rangi ya kijivu na kama vumbi jeupe juu yake. Iliyokuzwa kitaluni huwa ya kijani zaidi. Karibu dungusi kakati zote zimo katika mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe kati ya nchi na nchi, kwa hiyo muuzaji halali ataweza kujibu. Akishindwa, msinunue. Mbegu chache kutoka kwa mkulima anayeaminika, chungu kimoja na subira vinatosha kuupata mmea huu bila kuacha shimo jangwani.