Ua la Moto au Mchaichai: Tupande Nini Mlangoni?

Mwezi huu tunazungumzia bustani. Huenda mkashangaa ukurasa wa afya kuingia kwenye maua, lakini someni hadi mwisho mtaona sababu.

Aprili 2024 mto Rufiji ulifurika ukaingia Mohoro na vijiji vya jirani. Mashamba yalizama, nyumba zikabomoka, na familia nyingi zikahamia sehemu za juu. Maji yalipotoka, watu walianza kujenga upya, na baada ya kujenga huja hamu ya kupendezesha mahali. Bibi mmoja wa huko Mohoro alitujia na ndoo mbili. Ndoo ya kwanza ilikuwa na viazi vyembamba vilivyopinda kama kiwiko cha mkono, ya pili ilikuwa na mashina ya mchaichai. Tulipomwamkia shikamoo, aliitikia marahaba, kisha akauliza: "Wanangu, nyie mmesoma. Kipi nipande mlangoni na kipi nitupe? Nafasi ni ndogo, na mjukuu wangu ndiyo kwanza anatambaa."

Ni swali zuri. Tulimjibu siku ile ile, na leo tunawajibu wote wenye swali kama lake.

UA LINALOPANDA KAMA MWALI WA MOTO

Viazi vile ni vya ua ambalo wataalamu huliita Gloriosa. Ni mmea wa Afrika na Asia ya joto, na hata porini kwetu huota wenyewe. Mvua zikianza, kiazi hutoa shina jembamba. Ncha za majani yake hujikunja na kushika ukuti, uzio au tawi, nao mmea hupanda juu. Ua lake lina petali sita zilizogeuka juu, nyekundu zenye kingo za njano, zimejikunja kama mwali wa moto kwenye upepo. Zimbabwe wamelifanya ua la taifa. Mwaka 1947 Elizabeth, aliyekuja kuwa malkia wa Uingereza, alipozuru nchi hiyo ikiwa bado koloni, alipewa bruchi ya almasi yenye umbo la ua hilo.

Basi uzuri wake hatuukatai. Tabu iko chini ya ardhi.

Mmea mzima una sumu iitwayo kolchisini, na kiazi ndicho chenye hatari kubwa. Mbegu nazo zina sumu, na ni nyekundu za kuvutia macho ya mtoto. Sumu hii huzuia chembe za mwili zisigawanyike. Kwa hiyo sehemu ambazo chembe zake hugawanyika upesi ndizo huumia kwanza: utumbo, halafu uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Kwa kipimo kidogo sana madaktari huitumia kutibu jongo. Lakini dawa hupimwa, na kiazi cha bustani hakipimwi. Kukichemsha hakuiondoi sumu hiyo. Huko Sri Lanka wapo watu waliokufa baada ya kula viazi hivi wakidhani ni viazi vitamu.

Hapa kwetu hatari hiyo si ya mbali. Njaa ikibisha hodi baada ya mafuriko, watu huchimba mizizi ya porini. Ndugu zetu wa Lindi na Mtwara wanakula ming'oko kila mwaka bila madhara, kwa kuwa wanaijua. Asiyejua huona kiazi, basi.

Jambo la pili ni kwamba ua hili hulala. Kiangazi kikifika, majani na shina hukauka vikapotea kabisa, kiazi kikabaki ardhini. Aliyepanda anaweza kuhama au kufariki. Mwaka unaofuata mpangaji mpya anapiga tuta la viazi vitamu pale pale, jembe linatoa kiazi, naye hana wa kumwuliza. Hivyo ndivyo ua lililopandwa kwa mapenzi linavyoweza kumdhuru mtu ambaye hakuliona hata siku moja likichanua.

Maua yenye tunguu kama kitunguu, likiwemo lile jekundu la mviringo kama mpira linalochomoza mwanzo wa mvua, nayo yana sumu. Yake ni ya namna nyingine: huleta mate mengi, kutapika na kuharisha. Tusiyahifadhi jikoni karibu na vitunguu.

MCHAICHAI

Mchaichai ni nyasi. Hautoi ua la kusifiwa, lakini kichaka chake kilichokatwa vizuri kinapendeza mbele ya nyumba, na harufu yake kila mtu wa pwani anaijua. Majani machache yakichemshwa hutoa kinywaji kizuri. Mama mwenye upungufu wa damu anashauriwa asinywe chai ya majani pamoja na chakula, kwani huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Badala yake anaweza kunywa kikombe cha mchaichai mtupu. Mjamzito asizidishe, kikombe kimoja kinatosha.

Kuupanda ni rahisi. Gawa shina la zamani, punguza majani, fukia mizizi mwanzo wa mvua, na uache karibu mita moja kati ya shina na shina. Baada ya miezi michache anza kukata, ukiacha kama upana wa kiganja juu ya ardhi. Kila baada ya miaka mitatu au minne ung'oe, ugawe upya. Usiupande maji ya choo yanapopita, na osha majani kabla ya kuchemsha.

Mizizi yake mingi hushika udongo wa juu usichukuliwe na mvua. Lakini tusiutegemee kuzuia mto. Ukizama siku nyingi nao huoza. Kwa kingo zinazobomoka iko nyasi ya jamii yake, vetiva, ambayo mizizi yake huweza kushuka mita tatu.

Mchaichai nao una kasoro zake. Makali ya majani hukata ngozi ya mtoto. Kichaka kikiachwa bila kupunguzwa huwa maficho ya panya, na penye panya nyoka hufuata. Kwa hiyo usiusogeze mlangoni kabisa, na palilia chini yake.

JE, UNAFUKUZA MBU?

Swali hili tunaulizwa mara nyingi. Ni kweli mafuta yanayokamuliwa kutoka nyasi za jamii hii hutumika kutengeneza dawa za kujipaka dhidi ya mbu. Lakini mchaichai uliosimama bustanini hauachii mafuta ya kutosha kuilinda nyumba. Mama aliyeacha chandarua kwa sababu ana mchaichai dirishani amejidanganya, na mtoto wake ndiye atakayelipa. Tulale ndani ya chandarua chenye dawa, tufukie madimbwi, tumwage maji ya makopo na vifuu. Mtoto akipata homa apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo. Chai ya mchaichai haitibu malaria.

TUKIVIPIMA PAMOJA

Kwa uzuri, ua la moto limeshinda. Lakini huchanua kwa majuma machache, kisha hupotea. Mchaichai husimama mwaka mzima ukipata maji. Ua haliliwi, mchaichai hunyweka. Ua likikosewa linaua, mchaichai ukikosewa unakwaruza. Penye mtoto anayetambaa hatuoni haja ya kubishana.

Asiyeweza kuliacha ua la moto afanye hivi: alipande mbali na jiko na shamba la mizizi, alizungushie uzio, aweke alama ya mawe au kigingi kitakachobaki kiangazi, na awaonyeshe watu wote wa nyumbani. Akihama, amwambie anayeingia. Anayechimba viazi vyake avae glavu, anawe mikono, na asivitie kwenye chombo cha chakula.

MTU AKISHAKULA

Kwanza, usingoje dalili. Kwa kawaida hutokea baada ya saa kadhaa, na wakati huo mtu huonekana mzima.

Pili, usimtapishe kwa vidole wala maji ya chumvi, na usipoteze muda kutafuta maziwa.

Tatu, mpeleke kituo cha afya mara moja, uchukue na kipande cha mmea. Akifika mapema, mganga anaweza kumpa mkaa maalumu wa dawa unaonasa sumu tumboni. Baadaye huwa umechelewa.

Nne, sema wazi amekula nini na saa ngapi. Kutapika na kuharisha kwa sumu hii hufanana na kipindupindu, na baada ya mafuriko kila mtu hufikiria kipindupindu kwanza. Akipewa maji ya chumvichumvi anaweza kupata nafuu siku ya kwanza, nyumbani wakafurahi, kumbe siku ya pili au ya tatu figo, moyo na damu huanza kuharibika. Kwa hiyo asirudishwe nyumbani kwa sababu tu kuharisha kumekoma. Hakuna dawa ya kawaida hospitalini ya kuiua sumu hii. Tunachoweza ni kumsaidia mgonjwa mpaka mwili uishinde, na tukimpata mapema matumaini huwa makubwa zaidi.

Yule bibi alisikiliza yote, kisha akatazama ndoo zake. Mchaichai aliondoka nao. Viazi alituachia tuvizike kwenye shimo refu la takataka, akasema maua atayaangalia porini, yaliko tangu zamani. Tukamsindikiza mpaka barabarani, mjukuu mgongoni.