Boljointi: inacheza, imelika au imekufa?

boljointi (pia bolijointi) *nm* [i-/zi-] kiungo cha chuma chenye tufe linalozunguka ndani ya kikombe, kinachounganisha mkono wa chini au wa juu wa gari na sehemu inayobeba gurudumu la mbele, ili gurudumu liweze kukata kona na wakati huohuo kupanda na kushuka.

Asili na umbo

Neno hili limekopwa kutoka Kiingereza na limefuata njia ya *bolti*, *nati* na *jeki*: limeongezewa irabu mwishoni. Wasemaji wengine huongeza irabu nyingine katikati, wakasema *bolijointi*, ili konsonanti mbili zisikutane. Umoja na wingi vina umbo moja: *boljointi imelika*, *boljointi zimelika*. Umbo *maboljointi* husikika mitaani, lakini halifai katika maandishi rasmi. Mwandishi anayependelea lugha isiyo na mkopo anaweza kusema *kiungo cha tufe*, mradi asitarajie kueleweka kwa muuza vipuri. Maana yake hufahamika upesi kwa kuitazama nyonga ya binadamu, ambapo kichwa cha mfupa wa paja huzunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno.

Vitenzi vinavyoambatana nalo

Kutoka Kasulu hadi Kibondo magari yamesafiri kwa miaka mingi juu ya changarawe, makorongo na tope jekundu la masika. Ilikuwa mwaka 2018 ndipo Benki ya Maendeleo ya Afrika ilipoidhinisha fedha za kuijenga kwa lami barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, yenye urefu wa kilomita zipatazo 260. Katika mazingira ya namna hii dereva humweleza fundi hali ya boljointi mara kwa mara, na kitenzi anachokichagua kina uzito.

*Kuchanika* huhusu raba inayoifunika boljointi. Raba ikichanika, grisi hutoka, vumbi na maji huingia. Hapo boljointi yenyewe bado inaweza kuwa nzima.

*Kulika* ni kupungua kwa chuma kwa kusuguana, kama kisigino cha kiatu kinavyolika. Ni chanzo cha ubovu, nacho hakionekani kwa macho.

*Kucheza* ni dalili ya kulika: kiungo kinatikisika pasipotakiwa, kama jino linavyocheza kabla ya kung'oka. Dereva husikia mgongo wa chuma, *ko! ko!*, gurudumu likiingia shimoni, na huona gari likiyumba au tairi likilika upande mmoja.

*Kuchomoka* ni tufe kutoka katika kikombe chake. Gurudumu hulala ubavu na dereva hupoteza amri ya usukani. Hili likitokea kwenye mteremko, linaweza kuua.

*Kufa* na *kuchoka* husemwa juu ya kifaa chochote, kuanzia betri hadi injini, kwa hiyo havimwambii fundi jambo mahususi. Asemaye “mguu wa mbele umekufa” anaweza kuuziwa shokapu asiyoihitaji, akaondoka na boljointi ileile inayokaribia kuchomoka.

Kutenganisha majina jirani

Mgongo wa mbele unaweza kutoka katika boljointi, tairodi, beringi, bushi au shokapu. Gurudumu huinuliwa kwa jeki, gari likaegemezwa juu ya stendi imara, na matairi ya nyuma yakazuiwa kwa mawe. Likitikiswa kwa mikono miwili kushoto na kulia likacheza, mshukiwa wa kwanza ni tairodi. Likicheza juu na chini, ni boljointi au beringi. Mtu mwingine akikanyaga breki na mchezo ukatoweka, kosa ni la beringi. Ukibaki, boljointi ishukiwe. Kisha mtaimbo huwekwa chini ya tairi na kuinuliwa polepole huku kiungo kikitazamwa. Katika gari lenye mikono miwili ya juu na chini, springi ikiwa kwenye mkono wa chini, jeki hukaa chini ya mkono huo. Vinginevyo nguvu ya springi hukibana kiungo na kuficha ubovu.

Miongozo ya Kiingereza husema tairi lishikwe penye 12 na 6, au penye 3 na 9. Kwa saa za Kiswahili namba hizo hugeuka: penye 12 ni *saa sita*, penye 3 ni *saa tisa*. Kwa bahati jozi hubaki zilezile, lakini *juu na chini*, *kushoto na kulia* ni maneno salama zaidi.

Kitenzi cha kazi yenyewe

Boljointi *hubadilishwa*, *kutengeneza* hakufai, kwa kuwa kikombe kilicholika hakirudishiwi chuma. Kotapini hung'olewa, nati hulegezwa, na pini iliyokaza hutolewa kwa kifaa cha kuchomolea au kwa kugonga ubavu wa tundu lake, si ncha yenye uzi. Boljointi nyingine hufungwa kwa bolti. Nyingine zimeshindiliwa ndani ya mkono, na aghalabu mkono mzima hubadilishwa. Kipya kikishafungwa, nati hukazwa kwa kipimo cha mtengenezaji na kotapini mpya hutiwa. Tundu lisipolingana, nati huongezwa kukazwa, hailegezwi. Mwisho hupimwa alaimenti.

Matumizi yanayopendekezwa

*Boljointi ya chini, upande wa kushoto, inacheza. Raba yake imechanika.* Sentensi hii inataja kifaa, mahali na hali. Fundi anayeipokea anajua pa kuanzia, na mwenye gari anajua anacholipia.