Panda Milima ya Nandi Uione Kisumu Upya

JE, mpenzi msomaji, ni mara ngapi umesimama sokoni Kibuye Jumapili ukipatana bei ya mitumba, huku ule ukuta wa milima ukikutazama kwa mbali? Wengi wetu tumekulia chini yake na hatujawahi kuupanda. Hebu jaribu.

Toka mapema na jamii yako. Pita Mamboleo, ushike barabara ya Miwani. Kushoto milima inakusindikiza, kulia uwanda wa Kano. Ni miwa tu hadi Chemelil. Hapo iache barabara ya Muhoroni, upinde kushoto. Sasa ndipo safari inapoanza.

Barabara inajikunja na kupanda, masikio yanaziba, joto linabaki chini. Watoto wakiuliza sababu, waeleze: ziwa liko mita 1,130 hivi juu ya bahari, na mji wa Nandi Hills karibu mita 2,000. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopoa, kiasi cha digrii sita kwa kila mita 1,000. Usisahau sweta!

Juu kuna majani chai na ukumbusho wa Koitalel arap Samoei, Orkoiyot aliyewaongoza Wanandi dhidi ya Waingereza na reli yao iliyofika Kisumu mwaka 1901. Alipigwa risasi Oktoba 19, 1905, alipokwenda kwa mazungumzo ya amani. Wasimulie watoto palepale, hawatasahau.

Waambie pia lililo chungu. Oktoba 1991, ghasia za kikabila zilizuka katika shamba la Meteitei, Songhor, si mbali na barabara hii, kisha zikaenea kwingineko. Majirani waliokuwa wakiuziana mahindi na samaki wakaogopana. Mtoto anayejua hivyo hatamwita jirani yake wa mlimani mgeni.

Teremka kabla giza halijaingia, kwa gia nzito. Usizime injini wala usiweke gia huru eti unaokoa petroli. Breki zikifanya kazi peke yake hupata moto na kukataa kushika. Ukitaka kutazama uwanda, egesha mbali na kona. Siku ikiwa angavu utaliona ziwa likimeta kule ulikotoka.

Wahenga walisema milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Jumapili ijayo ukiwa Kibuye, muulize muuzaji mboga zake zimetoka wapi. Huenda ukatajiwa mahali ulipopita.