Diski ya seva iliyogoma Tezo: kabla hujakubali ifomatiwe, soma hapa

Ukitoka Kilifi mjini kuelekea Malindi, ukishapita Mtondia hukawii kufika Tezo. Pale karibu na steji ya bodaboda kuna duka ambalo watu huliita tu "kwa mama". Mama anaweka na kutoa pesa, anapiga kopi za vitambulisho, anachapisha barua za kuomba kazi, anasaidia watu na mambo ya KRA, na jua likiwa kali anauza maji baridi. Ni wakala wetu wa siku nyingi. Lakini leo sizungumzii uwakala, nazungumzia kompyuta yake.

Utauliza, kampuni ya pesa kwa simu na diski za kompyuta wapi na wapi? Ngoja nikueleze kilichokuwa ndani ya hiyo diski. Mama ndiye mweka hazina wa chama cha wanawake 22. Wengine hutuma mchango kwa simu, wengine huleta noti mkononi wakitoka sokoni. Nani ametoa, nani amekopa, nani amerudisha nusu, yote yalikuwa kwenye faili moja. Kugawana ni Desemba. Diski iligoma wiki ya pili ya Novemba.

"Mwanangu, pesa za watu ziko salama kwenye akaunti," aliniambia. "Shida ni kwamba sijui tena ipi ni ya nani."

Hapo ndipo penye uchungu. Michango ya simu tungeweza kuifuatilia, kwa sababu taarifa ya miamala inabaki kwetu hata simu yako ikizama baharini. Ya mkononi haina shahidi mwingine ila lile faili.

Sasa kompyuta yenyewe. Ni ile ya mezani, kubwa, ya aina wanayotumia wachoraji ramani za majengo, iliyotoka ofisini ikiwa mtumba. Ndani yake fundi wa kwanza alimwekea SSD ya seva, nayo mtumba. Hizi diski za seva zimejaa sokoni siku hizi, kwa sababu makampuni hubadilisha mitambo yao kila baada ya miaka michache na za zamani huuzwa kwa bei nafuu. Si ununuzi mbaya. Zimetengenezwa kuandikwa data usiku na mchana, na nyingi zina kapasita ndogo ndani, ambazo stima ikikatika ghafla hushikilia umeme kwa muda mfupi tu, wa kutosha diski imalizie kuandika ilichokuwa imeshika. Kwa mtu anayeishi Pwani hilo si jambo dogo. Wengi mnakumbuka Ijumaa ile ya tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima. (Ila kapasita haziwezi kuokoa kile ambacho hujakisevu. Usije ukanidai.)

Diski ilifanya kazi vizuri zaidi ya mwaka. Halafu siku moja stima ikapotea, ikarudi kwa kishindo, na pawa saplai ya kompyuta ikaungua. Fundi wa pili akaleta pawa saplai mpya kabisa, akaifunga, kompyuta ikawaka, lakini diski haionekani. Akabadilisha waya wa data, akajaribu tundu jingine kwenye bodi kuu, wapi. Akasema diski imeungua pamoja na pawa saplai. Kusema kweli mtu yeyote angesema hivyo.

Kijana wa tatu akaitoa, akaiunganisha na laptopu kwa adapta ya USB. Ikaonekana sekunde chache, ikapotea, ikaonekana tena, kisha laptopu ikauliza kama diski ifomatiwe. Kijana akasema tukubali, tutarudisha mafaili baadaye kwa programu. Mama akakataa. Hajui kompyuta kihivyo, lakini neno "kufomati" halikumwingia.

Alifanya la maana sana, na hapa nataka tutulie kidogo. Kwa hadi diski za zamani, ile za kuzunguka, ukifomati kwa haraka data nyingi hubaki pale chini na fundi mzuri anaweza kuzifukua. SSD si hivyo. Ukiifomati, kompyuta mara nyingi huiambia diski kwamba nafasi zote hizo hazitumiki tena, na diski yenyewe huanza kuzisafisha. Baada ya hapo hata programu ya bei gani haitarudisha kitu. Kwa hiyo kompyuta ikikuuliza swali hilo na ndani kuna data yako, jibu ni hapana. Zima, chomoa, tafuta chanzo.

Na huko kuonekana na kupotea kulikuwa habari njema, ila hakuna aliyeisoma. Diski iliyokufa haitokei hata sekunde tano. Lebo yake ilikuwa imeandikwa 5V, 1.6A. Tundu la kawaida la USB 3 hutoa kama 0.9A. Diski ilikuwa ikiamka, ikianza kazi, umeme unapungua, inazimika. Yaani njaa tu.

Sasa mbona ilikataa ndani ya kompyuta, ambako umeme upo wa kutosha? Jibu lilikuwa kwenye ndoo ya takataka za waya nyuma ya duka.

Mimi nilisomea masoko, si uhandisi, kwa hiyo nilimpigia rafiki yangu tuliyesoma naye Pwani University, ambaye sasa anashughulika na seva. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Waya wa umeme unaoingia kwenye diski una nyuzi ngapi?" Tukahesabu. Tano: njano, nyekundu, mbili nyeusi, na ya rangi ya machungwa. Akauliza, "Na ule wa zamani?" Mama akapekua ndoo akatoa kiunganishi kifupi ambacho fundi wa kwanza alikuwa amekitumia, upande mmoja tundu nene la pini nne, upande wa pili tundu bapa la diski. Nyuzi nne. Ya machungwa haipo.

Ule uzi wa machungwa hubeba volti 3.3. Kwa diski za kawaida hauna madhara. Lakini toleo la SATA 3.3 lilibadilisha kazi ya pini ya tatu: kwenye diski zinazofuata utaratibu huo, umeme ukifika pale maana yake ni "zima". Kwenye seva hilo ni jambo la busara, msimamizi anaweza kuzima na kuwasha diski moja akiwa mbali bila kuigusa. Kwenye kompyuta ya duka la Tezo, pawa saplai mpya ilikuwa inaiamuru diski izimike tangu kompyuta inapowashwa. Fundi wa kwanza hakuwa mchawi. Waya wake tu haukuwa na hiyo volti.

Tukazima kila kitu, tukachomoa ukutani, tukarudisha kile kiunganishi cha nyuzi nne, tukawasha. Diski ikatokea, na faili likafunguka. Mama hakusema kitu, aliketi tu kwenye kreti ya soda.

Tahadhari moja kuhusu viunganishi hivyo: vile vya bei ya chini ambavyo plastiki imemiminwa juu ya nyuzi vimewahi kushika moto. Chagua kile ambacho kila uzi umebanwa mahali pake na unaweza kuona. Pia usitegemee rangi peke yake, pawa saplai nyingi za sasa zina nyaya nyeusi tupu. Fundi apime kwa mita.

Kama diski yako ya seva haionekani na si kwa sababu hii, huenda si SATA kabisa. Za SAS zinafanana nayo sana, lakini pale SATA inapoacha mwanya kati ya tundu la data na la umeme, SAS imeziba. Haiingii kwenye kompyuta ya kawaida bila kadi maalum. Za U.2 nazo zinahitaji adapta yake, na zinapata joto, kwa sababu zilizoea feni za seva zinazovuma kama jenereta. Na nyingine, hasa za SAS zilizotoka kwenye makabati makubwa ya kuhifadhi data, zimepangwa kwa sekta za baiti 520 badala ya 512, na Windows haiwezi kuzitumia. Kuzibadilisha kunafuta kila kitu, kwa hiyo fanya hivyo siku unayoinunua.

Siku hiyo hiyo uangalie pia umri. Programu ya bure kama CrystalDiskInfo inakuonyesha diski imewashwa saa ngapi na imechakaa kiasi gani. Ya mama ilikuwa na saa zaidi ya 37,000, na bado afya yake nzuri. Si zote zina bahati. Novemba 2019 kampuni ya HPE ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake za SAS zingekufa zikifikisha saa 32,768, ambazo ni miaka 3, siku 270 na saa 8, zisipowekewa programu mpya ya ndani. Data iliyokuwemo isingerudi.

Na usiitoe diski ya seva ukaiweka kabatini eti ndiyo akiba. Kipimo cha viwandani cha JEDEC kinaitaka SSD ya seva iliyofika mwisho wa uwezo wake wa kuandikwa itunze data miezi 3 tu bila umeme, katika nyuzi joto 40. Ya kawaida hupimwa kwa mwaka 1, katika nyuzi 30. Kabati la mabati Tezo mwezi wa pili, wewe mwenyewe piga hesabu. Ukizingatia kwamba sheria ya taratibu za kodi inakutaka utunze rekodi za biashara miaka 5, nakala mbili mahali tofauti si anasa.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi moja kwa moja. Kompyuta ya wakala ina kopi za vitambulisho vya watu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hizo ni dhamana yako. Ukimwachia fundi diski, kaa naye ikiwezekana. Hana sababu yoyote ya kukuuliza PIN yako wala ya wakala, hata akisema ni ya "kufungulia mafaili". Na ukiuza diski, ifutwe kwa programu ya mtengenezaji, si kufomati tu.

Mama alichapisha daftari lote jioni ile, kurasa 14. Moja ya nakala iko kwa mwenyekiti wa chama, imefungwa ndani ya mfuko wa unga. Kile kiunganishi cha nyuzi nne amekifunga utepe mwekundu na kuandika kwa kalamu: USITOE.